Mirija ya Mzee Wepukhulu

Mzee Wepukhulu alianza kuvimba miguu mwezi wa tano, na mimi nikamcheka. Naanza hapo makusudi, ndio mtu asinisifu kabla hajasikia yote.

Mimi ni Lenny. Kama umewahi kuingia Elgon View ukaona miche kando ya barabara imepangwa laini moja kama watoto wa skuli wakingoja bendera, hiyo ni kazi yangu. Skuli niliacha darasa la sita, lakini hapa Eldoret sijaona mwenye digrii wa kuniambia kitu juu ya maua. Watu wanakuja na gari kubwa, wanashuka, wanauliza, "Lenny, hii inataka jua ama kivuli?" Nawaangalia kwanza. Nawaacha wangoje kidogo. Halafu najibu.

Mtu mmoja tu ndiye alikuwa hashangai akiniona, na huyo ni Mzee Wepukhulu, mtu wa shamba kwa Daktari Rosebella, geti lile linaangaliana na miche yangu. Mbukusu wa Kimilili. Alikuja Eldoret akiwa kijana kufanya kazi kwa kiwanda cha nguo, kiwanda kikafungwa, akashika jembe, na hiyo jembe hakuiweka chini miaka ishirini na mbili. Bibi yake alikufa zamani. Alikuwa anakaa Langas na msichana wake wa mwisho, Nakhumicha, fundi wa cherehani. Mimi nikimwambia maneno mia moja, yeye ananirudishia mawili, na moja ni "Mm."

Lakini alikuwa na tabia moja. Kitu chochote kirefu, akikipata, lazima akipime na mkono. Mwanzi, waya, bomba ya maji, anashika huku na huku, anaangalia kama imenyooka, halafu anaweka chini polepole. Nilidhani ni uzee.

Sasa kuna ile mmea. Daktari Rosebella anafundisha mambo ya dawa chuoni, na ni mtu wa kupenda vitu ambavyo watu wengine wanaogopa. Miaka minne imepita tangu alete mbegu kwa bahasha, akampatia Mzee azipande kwa ukuta wa jikoni, ule unashika jua siku nzima. Ikatoka kamba. Ikapanda ukuta, ikashika mabati, na ikaanza kutoa maua ambayo hata mimi Lenny nilinyamaza nikiyaona.

Ua lenyewe likiwa bado halijafunguka limejikunja kama kiko ya mzee wa kuvuta tumbako. Likifunguka, linakuwa uso mkubwa kama sahani, rangi ya nyama mbichi, na mishipa ya zambarau inapita juu yake kama matumbo ya ng'ombe kwa bucha. Katikati kuna shimo jeusi. Siku ya kwanza linanuka kama panya imekufa nyuma ya kabati. Nzi wanakuja mbio wakidhani kuna karamu, wanaingia kwa shimo, na ndani kuna nywele zimeelekea chini, kwa hivyo kurudi hakuna. Wanalala humo. Kesho yake nywele zinanyauka, nzi wanatoka wamepakwa unga wa manjano, wanaenda kuingia kwa lingine. Hawajifunzi.

Daktari aliita hiyo mmea pipevine. Mimi nikaipatia jina la biashara: Kiko ya Mkoloni. Nikaomba vipande, nikapanda kwa mikebe, na wamama wa Elgon View wakaanza kushindana nani ataweka kwa geti. Wakiuliza ni ya nini, na mimi siwezi kukosa jibu, nikawaambia, "Hii ni dawa. Inasafisha damu. Kwa wazungu ni siri ya wafalme."

Hakuna mtu aliniambia hivyo. Nilitoa tu kwa kichwa.

Siku moja Mzee Wepukhulu alikuwa amesimama hapo akisikia. Kastoma akaenda, Mzee akauliza, "Hii kamba ni dawa kweli?"

Nikamwambia, "Mzee! Wewe unaimwagia maji kila siku na hujui? Ukinyonya hii unarudi kijana. Utaanza kutafuta bibi."

"Mm," akasema. Akashika ile kamba, akaipima na mkono.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Daktari alisafiri kwa kazi, karibu miezi nane. Akimwachia Mzee nyumba alisema neno moja juu ya ile mmea: ukiikata, vaa glavu. Mzee akadhani ni sababu ya harufu. Hata mimi ningedhani hivyo.

Mwezi wa pili Mzee akaja kwangu akicheka, na huyo mtu hakuwa wa kucheka. Kumbe Nakhumicha ameposwa. Kijana anaitwa Cyril, fundi wa stima, mtoto wa Mzee Ouma, Mjaluo ambaye alikuwa karani wa reli na anakaa hapo hapo Langas. Wazee wa Ouma watakuja kwake mwezi wa nane kuongea maneno ya ng'ombe wa mahari.

"Na wageni wangu," Mzee akasema, "hawatanyonya mpira."

Hapo ndio nikajua ile tabia ya kupima vitu ni ya nini. Kwa Wabukusu, wazee wakikaa kwa chungu ya busaa, ile pombe ya unga, kila mmoja ananyonya na mrija wake mrefu, wanaita lusekhe, na Wajaluo pia wako na yao. Mzee Wepukhulu alikuwa fundi wa hiyo mirija, kutoka kwa baba yake. Lakini ile kamba ya msituni ambayo inatoa mrija mzuri imepotea. Alikuwa ameifuata mpaka Timboroa, akarudishwa na walinzi wa msitu kama mwizi wa mbao. Sasa wazee wa Langas walikuwa wananyonya busaa na mpira wa plastiki, ule mafundi wa mjengo wanapimia lefo, kama ukuta uko sawa. Mzee alikuwa akiona hivyo anaangalia kando, kama mtu ameona baba mkwe akioga.

Na hapo kwa ukuta wa jikoni, kamba ya miaka minne, nene kama kidole gumba, ndefu, imenyooka, na ni dawa.

Akaikata. Akaanika vipande kumi juu ya moshi kwake Langas. Akasukuma uboho wa ndani na waya ya moto, pole pole, jioni baada ya jioni, mpaka ukiweka jicho huku unaona mwangaza kule. Kwa ncha ya kila mmoja akasuka kichungi kidogo cha nyuzi, ndio makapi ya busaa yasiingie mdomoni. Nilienda nikaona, nikamwambia, "Mzee, hii ikifika Nairobi inawekwa kwa makumbusho, na mimi ndio nitakuwa ajenti wako."

"Bado ni chungu," akasema.

"Chungu aje?"

"Mrija mpya lazima utolewe uchungu. Ukimpatia mgeni mrija mchungu umemtukana."

Sikuuliza unatolewa aje. Ni hivyo tu. Mimi naongea sana, kuuliza nauliza kidogo.

Mwezi wa tano ndio nikaona miguu. Alikuja kufungua geti amevaa patipati, na vidole vimejaa kama viazi. Nikapiga kelele mpaka watchman wa nyumba ya tatu akasikia: "Mzee, umevaa gumbuti ya nyama! Nani alikushonea?" Watu wakacheka. Na yeye akacheka kidogo.

Mwezi wa sita uso wake ukawa na rangi ya majivu. Alikuwa anakaa chini kila baada ya kupalilia hatua mbili. Nikamwambia apunguze chumvi, nikiwa nimejishika kiuno kama daktari mkuu. Mwezi wa saba akaniambia, bila mimi kuuliza, "Lenny, siku hizi nakojoa kidogo sana."

Nikasema, "Unabania serikali maji."

Nakhumicha alipita kwa miche yangu siku hizo, akasimama na mkoba wa nguo kwapani. "Lenny, wewe unakaa na baba mchana yote. Hali kitu. Anasema mdomo unaonja chuma. Unajua ni nini?"

"Ni mawazo ya harusi," nikamwambia. "Mzazi akitoa msichana ni kama kung'oa jino."

Aliniangalia kama mtu anaangalia mlango ambao haufunguki. Akaenda.

Daktari Rosebella alirudi Jumamosi, saa saba na nusu mchana, siku ile ile ya wageni. Mzee alikuwa amemwachia mlinzi geti, hayuko. Niliona gari ikiingia, na dakika kumi hazijaisha nikaona Daktari anatoka kwa geti na miguu, bila mkoba, anavuka barabara bila kuangalia magari.

"Lenny, nani amekata pipevine yangu?"

"Karibu nyumbani, Daktari! Umenona. Hiyo ni Mzee alipunguza. Ina vipande vya—"

"Vipande viko wapi?"

"Ametengeneza mirija."

"Mirija ya nini?"

"Ya kunywa busaa. Leo ni maneno ya Nakhumicha, wazee wanakaa saa nane. Mrija safi, Daktari, ungeona—"

Daktari akashika meza yangu. Mikebe miwili ikaanguka na hakuangalia.

"Lenny, sikiliza. Usifanye mzaha. Hiyo mmea inaua figo. Mzizi, kamba, majani, yote. Haiumi, haitapishi saa hiyo hiyo. Inakula figo pole pole, na mtu akianza kujua, zimeisha. Kuna mtu ameinyonya?"

Nilikuwa tayari na mzaha kwa ulimi. Ulikuwa juu ya mbuzi. Haukutoka. Niliona ile miguu. Niliona ule uso wa majivu, vidole kama viazi, na mdomo unaonja chuma, na mimi nimesimama hapo na mikono kiunoni.

"Mzee amevimba," nikasema. "Tangu mwezi wa tano."

Daktari alitoa simu. "Nenda uwazuie. Mimi natafuta daktari wa figo, nakuja nyuma yako. Kimbia!"

Nilipanda boda, nikamwambia mwenye boda asishike breki. Ilikuwa imebaki kidogo kufika saa nane. Langas siku ya Jumamosi njia yote ni watu, mikokoteni, sufuria za mandazi, na mimi nyuma ya boda napiga kelele "Pisha! Pisha!" na watu wananicheka sababu wananijua. "Lenny ameiba nini leo?"

Kwa Mzee Wepukhulu walikuwa wamefagia mpaka nje ya fensi. Turubai imefungwa, chungu katikati, wazee kumi wameizunguka kwa viti vya plastiki, watano wa huku na watano wa kule, makoti yamepigwa pasi. Mirija kumi imetoka kwa chungu kama miguu ya buibui. Maji moto yalikuwa yamemwagwa, busaa inapumua. Mzee Wepukhulu alikuwa ameshaonja kama mwenye boma, ndio wageni waone ni salama. Mzee Ouma alikuwa amefuta mrija wake na kitambaa, anaupeleka mdomoni.

"Wazee, msinywe!"

Wote wakageuka. Halafu wakacheka.

"Huyu si ni yule wa maua ya matumbo?" Mzee Ouma akasema. "Kijana, wewe uliniuzia mche ukasema ni ndimu. Umemea, umekuwa miiba peke yake. Leo umekuja kuniuzia nini?"

"Mzee, naomba, toa mdomo hapo."

"Anataka aanze yeye! Mpatieni kikombe, akae na watoto."

"Hiyo mirija ni sumu!"

Afadhali ningetukana. Hilo neno, kwa chungu ya wakwe, mbele ya wageni, halina pa kujificha. Kicheko kilikatika. Mzee mmoja wa upande wa Ouma akatoa mrija mdomoni akaushika mbali na mwili, kama ameshika nyoka. Mwingine akatema. Na macho yote yakaenda kwa mtu mmoja. Neno la sumu likisikika kwa kinywaji, watu wanaanza na aliyetengeneza. Nakhumicha alikuwa kwa mlango wa jikoni na sinia ya kuku. Cyril alikuwa nyuma ya baba yake, amesimama nusu.

"Wepukhulu," Mzee Ouma akasema pole pole. "Huyu anasema nini?"

Mzee hakumwangalia Ouma. Aliniangalia mimi. "Nani amesema?"

"Daktari Rosebella. Amerudi. Anasema hiyo kamba inakula figo."

"Mm." Halafu akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anauliza bei ya kitu: "Uchungu ukitoka, sumu inabaki?"

"Sijui, Mzee."

"Sababu uchungu wote nilitoa."

"Ulitoa aje?" Mzee Ouma akauliza.

"Na mdomo." Akainua mkono, nikaona mkono pia umevimba, saa imezama kwa nyama. "Mrija mpya unaloweka kwa maji ya moto, fundi ananyonya, anatema. Asubuhi na jioni, mpaka utamu urudi. Baba yangu alifanya hivyo. Hii kumi, kila mmoja nilinyonya wiki mbili." Akaangalia chungu. "Lakini hii sikutema. Nilimeza. Na yale maji ya kulowekea nilikunywa pia. Lenny aliniambia ni dawa."

Nakhumicha aliweka sinia chini. Hakuitupa, aliiweka tu, polepole sana, halafu akakaa kando yake kwa vumbi na nguo yake mpya.

Nilingoja Mzee Ouma aseme neno mrogi. Wazee wake walikuwa wanalitafuta, niliona kwa midomo. Lakini Ouma aliangalia miguu ya Wepukhulu chini ya kiti, akaiangalia kwa muda mrefu. Akatoa mrija wake kwa chungu. Akauinua, akauangalia kwa jua, ule usukaji wa kichungi, vile ulikuwa mzuri. Akauweka chini.

"Mtu wa kuua wageni haanzi na yeye mwenyewe miezi mitano," akawaambia wake. Halafu kwa Wepukhulu: "Wewe ndugu yangu, inuka. Cyril, shika huo mkono mwingine."

Hakuna mtu aliongea tena maneno ya ng'ombe. Gari ya Daktari ilikuwa imefika kwa kona, ndani haingii, kwa hivyo Cyril na Nakhumicha walimbeba Mzee kati yao, na watu wa Langas wakasimama kando wakiangalia. Hakuna aliyeniuliza nimeiba nini. Ile chungu tulimwaga kwa choo, mirija tukachoma. Ilitoa moshi mzito, na harufu yake, hata kwa moto, ilikuwa kidogo kama ya lile ua.

Hospitalini walitoa damu, wakatuambia tungoje, wakatoa tena. Daktari wa figo ni kijana mdogo, pengine namzidi umri. Alimwambia Daktari Rosebella kwa Kizungu, na mimi Kizungu yangu ni ya kuuza maua, lakini nilielewa mkono wake. Alipima hewa na vidole viwili, karibu sana, kama anaonyesha mbegu ya sukuma. Hiyo ndio imebaki.

Wakamweka kwa mashine ya kusafisha damu. Jumatatu niliachwa naye peke yangu, Nakhumicha ameenda kubadilisha nguo. Mashine inazunguka, damu ya Mzee inatoka kwa mrija na kurudi kwa mwingine. Alikuwa anaiangalia, na nilijua anapima urefu.

"Lenny."

"Nakusikia, Mzee."

"Ile dawa ya damu. Nani alikufundisha?"

Mimi nimedanganya watu wengi, na nimetoka kwa mashimo marefu kuliko hiyo. Ningesema kuna mzungu. Ningesema kuna kitabu. Nikasema, "Hakuna mtu. Nilitoa kwa kichwa."

Aligeuza kichwa kwa mto, akaniangalia.

"Nilijua," akasema. "Wewe unaongeanga tu. Lakini kamba ilikuwa nzuri sana. Nilitaka iwe kweli."

Nilikaa hapo nikishika kofia yake.

Kesho yake nilienda na jembe kwa ukuta wa Daktari, nikachimba mizizi yote. Halafu nikazunguka Elgon View, geti kwa geti, nikiwaambia wamama wale niliwauzia kwamba nilidanganya, na wang'oe. Wengine waliniamini. Wengine walicheka, wakasema, "Lenny na mambo yako," na mpaka leo maua yao yamefunguka kwa geti, na nzi wanaingia. Naenda tena kesho. Wakifunga geti nitasimama nje.

Mzee ana wiki ya tatu sasa. Kando ya kitanda wamemwekea mfuko wa plastiki wa mkojo, na manesi wanaandika kwa karatasi kilichoingia. Mzee Ouma hajasema kama maneno ya watoto yataendelea ama yamekufa. Hatumuulizi. Lakini kila siku saa moja asubuhi ananipigia simu, hasalimii, hataki habari ya hali ya hewa. Anauliza kitu kimoja tu.

"Amekojoa?"

Wiki ya kwanza nilikuwa namwambia, "Kidogo, Mzee." Anasema sawa, anakata.

Leo alipiga mapema zaidi, hata jua halijafika kwa dirisha la wodi. Nakhumicha alikuwa amelala na kichwa kwa godoro, mkono wake juu ya mguu wa baba yake, na vidole vimeacha mashimo kwa ngozi. Niliinama nikaangalia mfuko. Nikaugusa, nikaugeuza kwa taa, nikaangalia tena: hakuna hata tone.

"Lenny? Uko hapo? Amekojoa?"

"Bado, Mzee," nikasema.

Hakukata. Nilimsikia akipumua upande ule, na mimi huku bado nimeshika mfuko.